MATANGAZO KATIKA SIMU: NI NANI ALIPAYE?

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Walikuwa wakimsema mchuuzi apitaye mlango kwa mlango akisifu kitu ambacho watu hawakukitaka sokoni. Siku hizi chema na kibaya vyote vyajitembeza, wala havipiti mlangoni tena. Hupita ndani ya simu. Unafungua ukurasa usome habari za mtihani, na kabla hujamaliza mstari wa kwanza kioo kizima kimefunikwa na tangazo la mchezo wa kubahatisha au la mkopo wa haraka. Unatafuta alama ya kulifunga, nayo ni ndogo kama mbegu ya wimbi. Unakosea kuigusa, nawe unapelekwa dukani usikokusudia kwenda.

Watu wengi huku kwetu, tangu Tororo na Mwello hadi Busia ya pande zote mbili, hunung'unika juu ya jambo hili, kisha hujifariji wakisema, "Si kitu, maana ni bure." Katika somo hili yafaa tulichunguze neno hilo "bure". Nasema kwamba tangazo katika simu lina mlipaji, na mlipaji huyo ni mwenye simu. Naye hulipa mara nne: kwa bando lake, kwa wakati wake, kwa habari zake, na kwa uhuru wake.

Mfano wa boda boda

Sisi wa mpakani ndio tulioipa dunia jina la boda boda, kwa ajili ya vijana waliowabeba abiria kwa baiskeli kutoka forodha moja hadi nyingine. Basi na tuutumie mfano wa nyumbani. Tuseme umempanda kijana wa pikipiki akupeleke kutoka Tororo mjini hadi Mwello, na petroli umeinunua wewe. Njiani anasimama mbele ya kila duka, anakulazimisha usikilize sifa za sabuni, huku injini inanguruma na petroli yako inakwisha. Tena anachungulia kikapu chako na kumwambia kila mwenye duka ulichobeba. Nawe ukitaka kumbadili, anakujibu kwamba barabara hii haina mwingine ila yeye. Je, ungesema kwamba sifa za sabuni umezisikia bure?

Asili ya matangazo haya

Tangazo la kwanza la mabango yanayobonyezwa katika intaneti lilionekana tarehe 27 Oktoba 1994 katika ukurasa wa HotWired huko Marekani. Lilikuwa kipande kidogo juu ya ukurasa, na msomaji aliweza kukipita. Baadaye, katika miaka ya mwisho ya 1990, Ethan Zuckerman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliandika programu ya kufungua dirisha la pekee lenye tangazo. Kampuni moja ya magari ilikuwa imechukizwa kuona tangazo lake limekaa juu ya ukurasa wenye mambo machafu, naye alitaka kutenga vitu hivyo viwili. Dirisha lile ndilo mzazi wa madirisha yote yanayoturukia leo. Mwaka 2014 Zuckerman aliwaomba watu radhi hadharani kwa kazi yake hiyo.

Malipo ya kwanza: bando

Tangazo halianguki kutoka mbinguni. Husafiri kupitia mnara wa simu kama ujumbe mwingine wowote, na kila megabaiti yake hukatwa katika bando la msomaji. Na tufanye hesabu ya kukadiria. Tuseme mwanafunzi amenunua megabaiti 100 kwa shilingi 500 za Uganda. Siku ile anakutana na matangazo 5 ya picha zinazotembea, kila moja likiwa na megabaiti 4. Megabaiti 20 zimekwisha kwa matangazo, yaani sehemu moja katika tano, au shilingi 100. Akifanya hivyo kila siku kwa siku 30, amewalipia wafanyabiashara shilingi 3,000 ili wamsumbue.

Upande wa Uganda kuna jambo jingine la kuongeza. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao kama WhatsApp na Facebook. Kodi hiyo ilipingwa sana, na mwezi wa Julai 2021 mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Ushuru wa namna hii hauulizi kama megabaiti ilibeba somo la hesabu au tangazo. Hivyo hata tangazo ulilolichukia umelilipia ushuru.

Nasi wa mpakani tuna taabu yetu wenyewe. Simu ikaayo karibu na mpaka huweza kushika mnara wa ng'ambo pasipo mwenyewe kujua, na programu zilizoachwa wazi zikaendelea kuvuta picha na matangazo kwa bei ya mgeni. Mtu hulala na salio akaamka hana.

Malipo ya pili: wakati

Juu ya malipo haya sina maneno mengi, kwa kuwa kila mwanafunzi anayajua. Alikusudia kusoma robo saa, akaitwa na arifa moja, kisha ya pili, na jioni ikaingia kitabu kikiwa bado kimefunikwa. Fedha iliyopotea huweza kutafutwa tena. Jioni ya kabla ya mtihani haitafutwi.

Malipo ya tatu: habari zetu

Hapa ndipo penye kiini cha biashara yote. Ukurasa wenye matangazo unapofunguka, mara nyingi mnada hufanyika katika muda usiotimia nukta moja. Mitambo huwaarifu wanunuzi kwamba kuna mtu mahali fulani, mwenye simu ya namna fulani, aliyetazama vitu fulani jana. Wanunuzi, ambao nao ni mitambo, hutaja bei, na atajaye bei kubwa ndiye anayekuonyesha tangazo lake. Kinachopigwa mnada pale ni macho yako na yale yanayojulikana juu yako.

Ukubwa wa biashara hiyo waonekana katika hesabu za kampuni zenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilipata mapato ya dola bilioni 134.9, na katika hizo bilioni 131.9 zilitoka katika matangazo. Yaani katika kila dola 100, karibu dola 98. Alphabet, mwenye Google, alipata dola bilioni 307.4 mwaka uo huo, na bilioni 237.9 zilikuwa za matangazo. Kampuni isiyotuuzia kitu ila ikapata fedha nyingi namna hii, hapana budi kuna kitu chetu inachokiuza.

Hasara ya kutoa habari ovyo imekwisha kuonekana nchini Kenya. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo ya simu, faini ya shilingi 2,975,000. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa wengine, kisha kuwapigia na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Fikirini: mtu anabonyeza tangazo la mkopo, programu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zake, naye anakubali pasipo kusoma. Kumbe amekubali kwa niaba ya mama yake, mjomba wake na mwalimu wake pia.

Malipo ya nne: uhuru wa mwenye simu

Mtu akinunua jembe, jembe ni lake. Aweza kubadili mpini apendavyo. Simu siyo hivyo. Nyingi huja na programu ambazo mwenyewe hakuzichagua wala hawezi kuziondoa. Mwezi wa Julai 2018 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya Euro bilioni 4.34, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, iliwalazimisha watengenezaji wa simu kuweka kivinjari chake na chombo chake cha kutafutia kabla simu haijauzwa. Apple nao kwa miaka mingi hawakuruhusu duka lolote la programu katika simu zao ila la kwao. Ilikuwa sheria mpya ya Ulaya, iliyoanza kuzibana kampuni hizo tarehe 7 Machi 2024, iliyowalazimisha kufungua mlango. Na sheria hiyo ni ya Ulaya, haifiki Busia.

Simu za bei nafuu nazo zina hatari yake. Mwezi wa Agosti 2020 kampuni ya usalama iitwayo Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilikutwa na programu mbovu zilizowaandikisha watu katika huduma za kulipiwa na kula salio lao pasipo wao kujua. Simu hizo zilikuwa katika nchi kadha za Afrika, Ethiopia ikiwa mojawapo. Watengenezaji walisema kwamba uovu uliingizwa na mtu mwingine katika safari ya utengenezaji. Iwe hivyo, lakini aliyepoteza salio ni maskini aliyenunua simu kwa akiba yake.

Haki ya upande wa pili

Haifai kumhukumu mtu kabla ya kusikia utetezi wake. Fedha za matangazo ndizo zinazowawezesha watu wengi kutafuta maarifa, kutazama ramani na kusikiliza masomo pasipo kulipa ada. Mama auzaye nyanya Busia naye aweza kutangaza biashara yake kwa fedha kidogo, jambo ambalo gazeti na redio zisingemkubalia. Basi hatusemi matangazo yaondolewe. Twasema tangazo likae mahali pake kama bango la barabarani, lisiingie nyumbani pasipo hodi, wala lisipekue sanduku la mwenye nyumba.

Sheria za pande mbili za mpaka

Watu wengi hawajui kwamba nchi zetu mbili zilipata sheria za kulinda habari za mtu katika mwaka mmoja, 2019. Sheria ya Uganda yampa mtu haki ya kumwandikia yeyote anayetumia habari zake kumtangazia biashara, akimtaka aache. Na mwenye kuandikiwa yampasa kujibu kwa maandishi katika siku 14. Sheria ya Kenya yakataza kutumia habari za mtu kwa biashara pasipo ridhaa yake ya wazi, isipokuwa pale sheria nyingine inaporuhusu. Zote mbili zadai ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua habari za mtoto. Sheria hizo zina meno: mwezi huo huo wa Septemba 2023 shule moja ya Kenya, Roma School, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi pasipo ridhaa ya wazazi.

Wala wakubwa hawakuachwa. Mwezi wa Julai 2025 ofisi ya Uganda inayolinda habari za watu iliamua kwamba Google ilivunja sheria kwa kutojiandikisha kwake, ikaiamuru ijiandikishe katika siku 30. Kampuni ilikuwa imejitetea kwamba haina makao Uganda. Ofisi ikajibu kwamba achukuaye habari za watu wa Uganda yumo chini ya sheria hata akiwa ng'ambo. Na shauri hilo lililetwa na raia wanne tu walioandika malalamiko yao.

Mambo ya kufanya

Kwanza, fungua mipangilio ya simu yako utazame ruhusa ulizozitoa. Programu ya tochi haina haja ya kujua namba za jamaa zako, inyang'anye.

Pili, katika simu za Android, sehemu ya faragha, futa kitambulisho cha matangazo. Matangazo hayatakwisha, lakini itakuwa vigumu zaidi kukuandama.

Tatu, zima uchezaji wa video unaojiendesha wenyewe, na washa kiokoa data. Ukaapo karibu na mpaka, zima pia matumizi ya data ya mtandao wa ng'ambo.

Nne, usipakue programu kutoka katika tangazo lililokurukia. Itafute mwenyewe kwa jina lake.

Tano, ukisumbuliwa, andika. Weka tarehe, weka nakala ya ujumbe, mtake mwenye kukusumbua aache, na asipoacha peleka malalamiko kwa ofisi ya nchi yako. Enyi mliokwisha kumaliza shule, hapa ndipo tunapowahitaji: wengi wenu mna maduka, ofisi na programu za biashara zenu wenyewe. Msiwafanyie wateja wenu mnayoyachukia katika simu zenu.

Kunung'unika hakumfanyi mtu kuwa bwana wa simu yake. Wale raia wanne hawakuwa na mali ya kushindana na Google. Walikuwa na kalamu, na sheria waliyoisoma hadi mwisho. Na kusoma hadi mwisho ndiko tulikofundishwa shuleni.

Maswali

1. Taja malipo manne ayatoayo mwenye simu. Ni lipi unaloliona kuwa zito kuliko mengine, na kwa nini?

2. Mwanafunzi ana megabaiti 250 alizozinunua kwa shilingi 1,000. Akikutana na matangazo 10 ya megabaiti 5 kila moja, amelipia matangazo hayo shilingi ngapi?

3. Eleza tofauti ya bango la barabarani na tangazo la simu.

4. Andika barua fupi kwa mfanyabiashara anayekutumia matangazo usiyoyataka, ukimwomba aache kwa kuitaja haki yako.