Somo la Kikundi: Kubeba Joto Safarini



Somo hili tumeliandika kwa sababu ya usiku mmoja wa mwezi wa Julai ambao hatutausahau. Sisi ni watu wa upande wa Kibwezi, Makueni. Tulikuwa kumi na wanne, tukaenda Ol Kalou kule Nyandarua kuwatembelea wenzetu wanaofuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazi. Safari tuliipanga vizuri. Nauli tulichanga pole pole, barua tulituma mapema, na zawadi za wenyeji hatukusahau, asali na ndengu. Kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria ni usiku.

Tulifika jioni, mvua nyepesi inanyesha, na wengine wetu tumevaa viatu vya wazi. Wenyeji walitupokea kwa chai na viazi, wakatulaza katika vyumba viwili vyenye sakafu ya simiti. Walipoona akina mama wanatetemeka waliwahurumia, wakawaletea jiko la makaa. Moshi ulikuwa umekwisha, makaa yamekuwa mekundu, yanapendeza. Mlango ukafungwa, na dirisha likazibwa kwa gunia ili upepo usiingie.

Saa tisa za usiku mama mmoja aliamka kumnyonyesha mtoto. Kichwa kilikuwa kinamgonga, miguu haina nguvu. Akajikokota na mtoto hadi mlangoni, akaufungua, akaanguka nje kwenye matope. Kishindo hicho ndicho kilichotuamsha sisi wa chumba cha pili. Tulipoingia kwa akina mama tuliwakuta watano wamelala fofofo, tukiwaita hawajibu. Tuliwavuta nje mmoja mmoja. Namshukuru Mungu, wote walipona, lakini wawili walilazwa hospitali siku mbili.

Tunawaeleza haya si kwa kuwalaumu wenyeji wetu. Hata sisi tungekuwa nyumbani kwetu, tungefanya vivyo hivyo kwa mgeni. Ndiyo sababu inafaa tulisome jambo hili pamoja.

Kwanza, tuelewe baridi yenyewe. Kibwezi iko kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Ol Kalou ni zaidi ya mita 2,300. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hivyo mtu aliyetoka kwetu asubuhi akalala Ol Kalou usiku amepoteza nyuzi 8 au 9 kwa siku moja, na hapo hatujahesabu upepo wala mvua. Tena msidhani ni Julai peke yake. Kule Kinangop na Nyandarua mwezi wa Januari mchana jua ni kali, lakini usiku mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, joto la ardhi hupaa lote. Asubuhi utakuta umande umeganda na majani ya viazi yameungua. Mawingu ni kama blanketi la nchi. Mgeni akiona jua la mchana huacha sweta yake nyumbani, halafu usiku anaijua.

Sasa turudi kwa lile jiko. Watu wengi huamini kwamba moshi ndio unaoua, ukiisha basi hakuna hatari. Hapana. Makaa mekundu yasiyo na moshi, hata yale yaliyofunikwa na majivu, yanatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ukiivuta inaingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni, kwa maana inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anapumua kama kawaida lakini mwili wake unakosa hewa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Ukiona watu wawili watatu wa chumba kimoja wanalalamika kichwa kwa wakati mmoja, usifikirie malaria. Toeni watu nje kwanza, kila mmoja, halafu muwapeleke hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu.

Wengine hutuuliza, je, tukiacha dirisha wazi kidogo? Jibu letu ni kwamba hakuna anayeweza kupima kidogo hicho kinatosha au hakitoshi, na aliyelala hawezi kunusa kitu kisicho na harufu. Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala, likiwa linawaka au likiwa linazimika. Hata jiko la gesi na stovu ya mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Ota moto nje au jikoni, halafu moto ubaki huko.

Basi mtu atauliza, tukatetemeke mpaka asubuhi? La. Moto ubaki nje, lakini joto lake tunaweza kulibeba ndani. Mbebaji mzuri wa joto tunaye kila siku, ni maji. Kilo moja ya maji hushika joto karibu mara tano ya kilo moja ya jiwe, zikipashwa moto sawasawa. Ndiyo maana sufuria ya maji hukawia kuchemka, na ndiyo maana hukawia kupoa.

Kuna chupa za mpira zilizotengenezwa kwa kazi hii, zinauzwa katika maduka ya dawa mjini. Ikiwa tupu inakunjika na kukaa pembeni mwa kikapu, haina uzito. Kikundi kinaweza kununua mbili tatu zikawa mali ya kikundi, zinatolewa kwa wasafiri na kurudishwa kwa mweka hazina kama vile viti vya kukodisha. Maji yasiwe ya kuchemka kabisa. Yaache yatulie dakika chache. Jaza theluthi mbili tu, kisha ilaze kidogo ili hewa itoke kabla ya kufunga kizibo. Halafu igeuze chini juu uone kama inavuja. Mpira ukianza kuwa na nyufa au kunata, usiuhurumie. Itupe, maana siku itakayopasuka itakuwa juu ya tumbo la mtu.

Kama hamna hiyo, mtungi mdogo wa plastiki nene wa lita moja au mbili utafaa, wenye kifuniko cha kuzungusha. Lakini jihadharini na chupa nyepesi za soda na za maji ya dukani. Ukizitia maji ya moto sana zinajikunja na kunywea, na kifuniko kinaachia. Chupa ya kioo nayo hupasuka ikishtuliwa na maji ya moto. Tumejaribu zote, na blanketi la mwenyekiti wetu linashuhudia.

Uuvike mtungi wako nguo. Soksi nzito ya mtumba, mguu wa sweta kuukuu, au leso iliyokunjwa mara tatu, yote ni sawa. Hapa msione ni mapambo. Maji ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia kwa dakika moja yanaweza kuunguza ngozi iliyoyagusa usiku kucha bila mwenyewe kujua. Mtoto mchanga asilale na chupa ya maji moto: pasha kitanda chake joto, kisha iondoe kabla ya kumlaza. Wazee na wenye ugonjwa wa sukari ambao miguu yao imekufa ganzi wafanyiwe hivyo hivyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, mahali pazuri ni katikati ya mapaja au karibu na tumbo, maana damu nyingi hupita huko na kulisambaza joto. Wengi hukimbilia miguuni. Si vibaya, lakini anza na tumbo.

Na jiwe je? Bibi zetu walilitumia na bado linafaa, ila lisiwe jiwe la mtoni. Jiwe lililokaa ndani ya maji huwa na maji katika nyufa zake, likiingia motoni linaweza kupasuka na kuruka vipande. Chukua jiwe kavu la shambani, liweke kando ya moto na si katikati, kisha lifunge kwa gunia na tena kwa nguo. Ubaya wake ni uzito. Lakini si lazima ulibebe kutoka nyumbani, kila mahali pana mawe.

Vikundi vingi vya akina mama vinajua kutengeneza kile kikapu cha kuivishia chakula bila moto, chenye mito ya pamba au vitambaa pande zote. Kwetu tunakitumia kwa isyo, yaani githeri. Ukichemsha kwa muda, unafunika kwenye kikapu, inaendelea kuiva yenyewe. Kikapu hicho hicho, kikiwa kidogo, kinaweza kusafiri. Tia mtungi wa maji moto asubuhi, ufunike vizuri, na jioni maji bado yana uvuguvugu wa kufaa. Chakula lakini msikiweke humo siku nzima ya safari, kwa sababu kikifika hali ya vuguvugu wadudu wa magonjwa huzaana. Chai kwenye thamosi ni salama zaidi, na ukiipasha thamosi kwanza kwa maji moto kabla ya kutia chai, itakaa muda mrefu.

Kuna vitu vingine vidogo ambavyo wageni kutoka nchi za baridi huja navyo. Kimoja ni kipakiti chenye unga wa chuma. Ukifungua karatasi yake hewa inaingia, unga unashika kutu haraka, na kutu hiyo inatoa joto kwa saa kadhaa. Wajapani wanakitumia sana. Ni kutu ile ile inayokula jembe lako, ila jembe linaliwa pole pole mpaka hatuhisi joto lake. Kinatumika mara moja tu. Kingine ni kifuko chenye maji ya chumvi maalum na kipande kidogo cha bati ndani: ukikibonyeza, maji yanaganda na kupata joto, na ukikichemsha baadaye kinarudi hali yake. Hicho hakidumu usiku, ni cha kupasha mikono tu. Ukipewa, pokea, vaa juu ya nguo na si kwenye ngozi. Kuvinunua kwa fedha za kikundi hatushauri.

Tusisahau kwamba moto mkubwa kuliko yote safarini ni mwili wenyewe. Mtu aliyelala hutoa joto karibu na lile la balbu ya zamani ya wati 60 au 75. Kazi yetu ni kulizuia lisikimbie. Watu hurundika blanketi tatu juu na kulala juu ya simiti tupu, halafu wanashangaa. Blanketi lililolaliwa limekandamizwa, halina hewa tena, na sakafu inanyonya joto usiku kucha. Weka chini kwanza: katoni za dukani, magunia, nyasi kavu chini ya mkeka. Badilisha nguo zilizoloa kabla ya kulala, hata kama ni kwa jasho tu. Vaa kofia. Kula kabla ya kulala, maana mwili usio na chakula ni jiko lisilo na kuni. Na wale ambao hutuambia ati pombe inaleta joto, inaleta damu kwenye ngozi ili ipoe haraka; mtu anahisi moto huku anapoteza joto la ndani.

Kwenye basi la usiku, shida ni kukaa bila kujinyoosha na dirisha la jirani lisilofungika. Mtungi wako wenye soksi uweke mapajani chini ya leso. Nguo za kulalia zisiende juu ya paa la gari, kwa sababu mvua ya Limuru itazipata kabla yako. Zamani tulifunga kila kitu kwa mifuko ya nailoni, lakini ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hivyo tafuteni begi lisilopitisha maji au mbebe nguo miguuni.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kufungua kikao, jazeni mitungi miwili inayofanana kwa maji ya moto. Mmoja ufungeni kwa nguo na kuuweka ndani ya kikapu, mwingine uacheni mezani. Mkimaliza mambo ya michango na kumbukumbu, kila mtu aguse yote miwili. Halafu mjadiliane: ni nani katika kikundi huwa anasafiri usiku, anabeba nini, na mgeni akija kwenu wakati wa baridi mnampasha joto kwa njia gani? Muulizane pia kwa ukweli ni nyumba ngapi hapa kijijini hulala na jiko ndani wakati wa mvua.

Sisi tumealikwa tena Ol Kalou. Yule mama aliyeanguka mlangoni amekwisha jiandikisha. Amenunua mtungi wa lita moja na nusu na kuushonea mfuko kutoka blanketi kuukuu, wenye kamba ya kuvaa begani, na sasa akina mama wengine watano wamempelekea yao awashonee.