Kuvika Ngozi Sanduku la Zeze



Huenda utauliza, sanduku la zeze lina neno gani na kilimo? Lina neno, kwa kuwa ngozi ni mavuno ya zizi kama pamba ilivyo mavuno ya shamba, na mtu aiharibuye ngozi ya mbuzi wake amepoteza sehemu ya mbuzi. Tena ajuaye kuitengeneza vema kwa kazi ya nyumbani mwake, huyo atajua pia kuitengeneza kwa kuiuza.

Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili kwa hasara. Zeze la baba yangu lilipokuja mikononi mwangu, nililifanyia sanduku la mbao, nikalivika ngozi ya mbuzi niliyoiwamba chini juani kwa vigingi, maana ndivyo nilivyowaona wakubwa wakifanya. Ilikauka upesi, nami nikafurahi. Masika yalipokuja ikaanza kubambuka vipande vipande. Nilipofungua sanduku nikakuta mabuu yenye manyoya, nayo hayakutosheka na ngozi ya nje. Yalikuwa yamekwisha kula uso wa zeze, yaani ile ngozi nyembamba iwambwayo juu ya kibuyu. Kibuyu kingali kizima hata leo, lakini uso ule aliuwamba baba kwa mkono wake, na huu nilioutia mimi haulii kama ule.

Sababu yake ni hii. Jua kali huipika ngozi mbichi kwa nje, ikawa ngumu, na unyevu ukafungiwa kati. Hapo kati huoza pasipo kuonekana. Mtu aishikaye hudhani ni nzima, mpaka siku atakapoiloweka, ndipo iachanapo.

Basi kazi huanza siku ya kuchinja. Pasua ngozi kwa mstari mmoja ulionyoka, toka kidevuni hata mkiani, kisha weka kisu kando uchune kwa ngumi. Alama ndogo ya kisu, ambayo leo waiona si kitu, itakuwa tundu ngozi itakapovutwa. Osha damu mara moja, ukwangue mafuta na minofu yote, kwa maana wadudu hupenda kuanzia hapo.

Sanduku moja lataka ngozi mbili, na si watu wengi wachinjao mbuzi wawili kwa siku moja; kwa hiyo ile ya kwanza sharti ikaushwe ipate kuingoja ya pili. Funga miti minne iwe fremu, itundike ngozi katikati kwa kamba za katani zilizopitishwa pembeni mwake, uisimamishe kivulini penye upepo. Usiivute mno, inyoke tu. Usiku na wakati wa mvua iingize ndani, lakini si juu ya moshi wa jiko.

Siku ya kuvika ikikaribia, loweka ngozi zako katika maji safi mpaka zilainike, kisha uzitie katika maji yaliyochanganywa na majivu ya kuni. Tumia mtungi wa udongo, wala usitumie chombo cha alumini, maana maji ya majivu hukila. Geuza ngozi kila siku. Manyoya yakianza kung'oka kwa vidole, yakwangue kwa kitu butu, halafu osha ngozi kwa maji mengi, mara nyingi, mpaka utelezi wa majivu uishe. Wako wapendao kuacha manyoya kwa uzuri wake. Mimi siwafuati, kwa kuwa manyoya ni maficho ya wadudu.

Sanduku langu la sasa lina urefu wa futi 2 na nusu, upana inchi 10 na kina inchi 8. Pima lako kwa uzi, ukaongeze inchi 1 kila upande ya kukunjia ndani. Ngozi kubwa ivike chini na mbavu mbili. Ile ya pili ikatwe vipande vya ncha mbili na mfuniko. Paka mbao uji mzito wa unga wa muhogo uliotiwa shabu kidogo usioze, ulaze ngozi ingali mbichi, ukiisukuma kwa kiganja toka kati kwenda pembeni ili hewa itoke. Pigilia ukingo kwa misumari midogo ya shaba. Ya chuma hushika kutu katika ngozi mbichi na kuila.

Hapa wengi hukosea: huivuta ngozi kwa nguvu kama wawambao ngoma. Ngozi ikikauka hujivuta yenyewe, na ubao mwembamba hupindika. Ilaze tu bila kuivuta. Upande wa ndani wa mfuniko pigilia vipande viwili vya mti kukingama, ndipo uufunge juu ya sanduku kwa kamba mpaka ukauke. Kati yake weka majani makavu ya mgomba, la sivyo mfuniko na sanduku vitagandamana, nawe utahitaji shoka kulifungua. Kausha kivulini. Usitie zeze ndani mpaka ngozi ilie kavu ukiigonga kila mahali, hata pembeni penye mikunjo.

Ngozi ya namna hii hulainika tena ikilowa. Yeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya mbarika, mbali na miali ya moto, uipake yangali na joto, ukisugua kwa kitambaa. Urudie kila kabla ya masika. Kwa wakaao Njombe au Usambara, penye muwati, ule mti uliotoka Australia, ni bora zaidi kuloweka ngozi katika maji ya magome yake yaliyopondwa, ukiongeza nguvu ya maji kidogo kidogo, kabla ya kuvika. Kazi hiyo ni ya majuma mengi, lakini ngozi haiozi upesi.

Ndani ya sanduku weka mto wa sufi ulioshonwa kwa kitambaa kikuukuu, na majani makavu ya mwarobaini. Legeza nyuzi za zeze kabla ya kulilaza. Usiliweke sanduku chini, kwa ajili ya mchwa. Litundike, na kila mwezi ulifungue mchana, ukachungulie mikunjo kama kuna unga mwembamba au manyoya ya mabuu.