Mchango au Bei? Hukumu ya Masharti ya Michezo Inayotolewa Bure

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tunaosomea kompyuta hupakua programu za michezo ya mtandaoni, tukaziweka kwenye seva na kuwaalika wenzetu kucheza. Seva inalipiwa, basi wachezaji huombwa wachangie. Je, fedha hiyo ni halali?

Tutazame mfano wa DikuMUD, mchezo wa maandishi matupu uliotungwa na wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, na kutolewa mwaka 1991. Waliutoa bure kwa masharti: majina yao yaonekane, na asiwepo mtu wa kujipatia faida kwa sehemu yoyote ya programu hiyo. Baadaye wako waendeshaji waliopokea "michango" na kumpa mchangiaji vifaa vya kumpa nguvu mchezoni. Ukazuka ugomvi wa miaka mingi.

Tupime jambo hili kwa misingi mitatu.

Kwanza, sharti ni ahadi. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha waumini kutimiza mikataba. Na kitu kutolewa bure si kukosa mwenyewe. Mwaka 1988, katika kikao chake cha Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipitisha kwamba haki za mtunzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia.

Pili, mkataba huangaliwa maana yake, si jina lake. Wanazuoni wengi wameeleza kuwa zawadi iliyoshurutishwa malipo maalumu huchukua hukumu ya mauzo. Anayetoa fedha ili apewe upanga wa mchezoni amenunua, hata tukimwita mfadhili.

Tatu, mchango ni amana. Uliochangwa kwa ajili ya seva utumike kwa seva, na hesabu ionekane na wote.

Kwa hiyo, soma leseni kabla ya kutumia programu. Ikikataza faida, usiuze chochote. Ukitaka kuchangisha gharama tu na leseni haiko wazi, waandikie wenyewe. Kutojibu kwao si ruhusa. Wakikataa, tafuta programu nyingine: leseni ya GPL, kwa mfano, haikatazi kutoza fedha, mradi utimize masharti yake.

Allah ndiye Mjuzi zaidi.