KIINGEREZA KILIFIKAJE KWETU?
Somo la kujadiliana katika kikundi



Kikundi kimoja cha kina mama nilichokuwa nikitembelea kilichukua mkopo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na kila mmoja akaweka kidole. Baadaye wanachama wawili walishindwa kulipa, na wenzao wakaambiwa wawalipie. Kumbe fomu ilisema hivyo. Mama mmoja aliuza mbuzi wake wote wanne. Nilimwuliza kwa nini hakutaka kwanza kuelezwa. Akajibu, "Ningeuliza aje, dada, na mimi sikusoma? Niliona haya."

Haya hiyo ndiyo somo letu.

Kiingereza kilienea namna gani?

Mwaka 1600 karibu wote waliosema Kiingereza walikaa Uingereza na visiwa vya jirani. Wasomi wa Ulaya waliandika Kilatini. Halafu yakatokea mambo matatu:

1. Ukoloni. Mwaka 1607 Waingereza walianza makao huko Jamestown, Amerika. Baadaye walitawala India, Australia na sehemu kubwa ya Afrika. Kwetu walitangaza utawala wao mwaka 1895. Aliyetaka kazi ya ofisi ilimbidi ajue lugha yao.

2. Pesa. Vita vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Marekani, inayosema lugha hiyo hiyo, ndiyo iliyokuwa na utajiri kuliko nchi zote.

3. Vyombo vipya. Rubani kutoka nchi nyingine akitua Nairobi, huongea na waongoza ndege kwa Kiingereza. Kompyuta na intaneti nazo zilianzia Kiingereza.

Basi mnaona: kilibebwa na meli, bunduki na pesa. Si kwamba wenye lugha hiyo wana akili kutushinda. Kiingereza ni chombo kama jembe. Watoto wetu wakisome kwa bidii, lakini asiyekijua si mjinga.

Tena Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo si aibu kusema, "Tusomee kwa Kiswahili kwanza."

Maswali ya kikundi

1. Ni karatasi gani tumewahi kuwekea sahihi bila kuzielewa?
2. Nani kati yetu, au kijana gani wa hapa, anaweza kutusomea?
3. Je, tuandike katika sheria zetu kwamba hakuna kuweka kidole kabla karatasi haijaelezwa mbele ya wote?

Haraka haraka haina baraka. Elewa kwanza, sahihi baadaye.