Betri si Mbolea

Katika nchi ya Bukoba na Muleba kila mtoto aijua kazi ya kibanja. Maganda ya ndizi, nyasi na samadi ya ng'ombe huwekwa penye mashina ya migomba, vipate kuoza na kuwa mbolea. Desturi hii ni njema, nayo imewalisha wazee wetu. Lakini siku hizi nyumbani mna takataka nyingine isiyooza: betri ya lithiamu, iliyomo ndani ya simu na ndani ya taa nyingi za nguvu ya jua.

Betri za namna hii zilianza kuuzwa Japani mwaka 1991. Ndani yake mna matabaka mawili, na katikati pana utando mwembamba sana uyatenganishao. Tena mna maji ya dawa yashikayo moto upesi. Mtu akiitoboa betri au kuiponda, utando hupasuka, matabaka hugusana, joto huzidi, na moto waweza kulipuka ghafula. Moshi wake ni sumu. Wala usidhani ya kuwa betri iliyokufa haina nguvu kabisa. Mara nyingi umeme kidogo umebaki ndani yake.

Basi, betri ikitupwa kibanjani, jembe laweza kuitoboa. Ganda lake likiliwa na kutu, madini yake huingia katika udongo uleule utulishao. Ikitupwa ziwani, kumbuka ya kuwa mji wa Bukoba hunywa maji ya ziwa hilo.

Je, tufanyeje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yasimamia taka zenye hatari, na mwaka 2021 zilitolewa kanuni za taka za vyombo vya umeme. Azikusanyaye na kuzisafirisha sharti awe na kibali. Kwa hiyo ncha za betri iliyokufa zifunikwe kwa utepe wa plastiki, nayo iwekwe mahali pakavu, mbali na meko na watoto wadogo. Kisha mzazi amwulize afisa mazingira wa halmashauri ni nani mwenye kibali cha kuipokea. Betri iliyovimba usiiguse. Mwambie mkubwa wako mara moja.

Mgomba hurudisha kile tuupacho. Tukiupa maganda, hutuzalia ndizi. Basi tusiupe sumu.

MASWALI

1. Kwa nini maganda ya ndizi ni mbolea, na betri siyo?
2. Utando wa betri ukipasuka, hutokea nini?
3. Ukiona mdogo wako akiponda betri kwa jiwe, utafanya nini?