Mishale ya hesabu na namba za matatu

Swali: Mwalimu, binti yangu amechora mishale kutoka seti moja hadi nyingine, akakosolewa. Tutajuaje mchoro upi ni fanksheni? – Mama mzazi, Umoja

Jibu: Mama, chukueni namba za matatu. Duara la kushoto liwe na 6, 9 na 58. La kulia Eastleigh, Buruburu na Umoja. Kila namba ipewe mshale hadi mtaa inaouhudumia: 6 na 9 zote Eastleigh, 58 Buruburu. Hiyo ni fanksheni. Mishale miwili kutua mahali pamoja si kosa, ingawa wanafunzi wengi huliogopa jambo hilo bure. Umoja haujafikiwa na mshale wowote. Hilo nalo halidhuru.

Sasa geuzeni mishale. Eastleigh inatoa miwili, na fanksheni imeharibika papo hapo, kwa kuwa kila memba wa seti ya kuanzia lazima atoe mshale mmoja, asizidishe wala asikose. Umoja hautoi hata mmoja, kosa la pili. (Najua mna matatu zenu, sikuziandika tu.) Binti akiongeza namba ya Umoja, kosa hilo litaondoka. La Eastleigh litabaki.