Bumu, Fidia na Hesabu ya Mzee Jirani

Sisi wanafunzi tunaujua mfumuko wa bei bila hata kusoma uchumi. Posho ya chakula na malazi kwenye bumu ilikaa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa, mpaka 2022 ilipopanda kuwa 10,000. Hela ilikuwa ileile, kilichopungua ni wali kwenye sahani.

Ila sisi tunavumilia miaka mitatu tu. Likizo iliyopita nyumbani Babati, mzee jirani yetu, aliyeumia mgongo kazini na hatembei tena, aliniita. "Mwalimu, hebu nipigie hesabu. Hii hela ya fidia itanifikisha wapi?"

Tuanze na sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyounda mfuko wa WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mfanyakazi aliyepata ulemavu kamili wa kudumu hulipwa pensheni ya asilimia 70 ya mshahara wake kila mwezi. Sheria ya zamani ilikuwa imeandika kikomo cha fidia kwa shilingi, laki moja na kitu. Miaka ikapita, bei zikapanda, tarakimu ikabaki palepale hadi ikawa kama utani.

Sasa hesabu. Mshahara ulikuwa 500,000, kwa hiyo pensheni ni 350,000. Tuseme bei zinapanda asilimia 4 kwa mwaka. Zidisha 1.04 mara kumi, unapata 1.48. Gawanya 350,000 kwa 1.48: baada ya miaka kumi hela hiyo inanunua vitu vya kama 236,000 tu vya leo. Ili asipoteze kitu, alipwe kama 518,000.

Je, mfuko unaingia gharama gani? Bila nyongeza, miaka kumi ni milioni 42. Ukiongeza asilimia 4 kila mwaka, ni kama milioni 50.4. Tofauti ni asilimia 20. Lakini kijana aliyeumia akiwa na miaka 25, akalipwa miaka 30, tofauti inafika asilimia 87! Ndiyo maana nyongeza si jambo la kutamka tu jukwaani.

Upande wa pili, mfuko unachangiwa na waajiri kwa asilimia ya mishahara. Mishahara ikipanda, michango nayo inapanda. Ila sekta binafsi ilianza na asilimia 1, na tangu 2022 ni 0.5. Kila punguzo linaacha nafasi ndogo ya nyongeza.

Kumbuka pia: nyongeza isipotolewa, gharama haifutiki. Inahamia kwa mke anayeongeza kibarua, na kwa mtoto anayekosa daftari darasani kwangu kesho.

Nilimwonyesha mzee karatasi. Akaitazama kimya, akasema, "Kumbe sijawa mtumiaji mbaya, mwanangu."

Zoezi: rudia hesabu hii kwa asilimia 6, miaka 20. Kisha jadilianeni nani alipe.